Je, Wajua? Nta Iliyomo Ndani ya Tairi

Je, wajua kwamba weusi wa tairi hutokana na masizi laini ya kaboni, yanayochanganywa na mpira kiwandani ili kuuimarisha na kuukinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno, yaani sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini inayodhoofisha mpira? Kinga hiyo ni muhimu sana Mwimbi, wilayani Kalambo, na kote katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwa kuwa mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 za mwinuko.

Mpira huo una pia nta, ambayo hupenya taratibu hadi juu tairi linapozunguka, ikatandaza utando mwembamba unaozuia ozoni, gesi ya hewani inayoupasua mpira. Rangi ya kahawia ambayo wengi huidhani uchafu mara nyingi ni dalili ya kinga hiyo. Kwa hiyo kulisugua tairi kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae ni kosa kubwa, kwani mafuta hayo huyeyusha nta na kuufanya mpira uvimbe na kulegea, ilhali maji, sabuni laini na brashi vinatosha kabisa. Matope ya msimu wa mvua yanayogandamana upande wa ndani wa rimu nayo yaondolewe mapema, maana uzito wake huvuruga mizania ya gurudumu na kuutetemesha usukani.