Nukta ya Jan Hus na Irabu za Rungwe

Katika wilaya ya Rungwe, na katika mji wa Mbeya penye Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, neno "Moravian" limezoeleka hata ni nadra mtu kuuliza lilitoka wapi. Ni jina la mahali. Moravia ni sehemu ya mashariki ya nchi ya Ucheki, jirani na Slovakia, nalo jina hilo lilifika Nyanda za Juu Kusini kwa njia ya kuzunguka: wamisionari walioanzisha kanisa hilo Rungwe walikuwa wasemaji wa Kijerumani, na umbo la neno lenyewe ni la Kiingereza. Kicheki hakikufika. Hata hivyo iko kazi moja ya Wacheki iliyofika, nayo ni ya elimu ya lugha, yaani desturi ya kuitia alama herufi ya Kilatini pale inaposhindwa kuibeba sauti.

Desturi hiyo ina kitabu chake. Mwanzoni mwa karne ya 15 iliandikwa kwa Kilatini risala fupi juu ya tahajia ya Kicheki, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na Jan Hus, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Praha aliyechomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Kabla yake waandishi wa Kicheki waliunganisha herufi mbili au zaidi ili kupata sauti moja, kama Wapolandi wafanyavyo hata leo katika "cz" na "sz". Risala ilipendekeza herufi moja kwa sauti moja: nukta juu ya konsonanti laini, na kistari juu ya irabu ndefu. Baadaye nukta ile ikageuka kuwa alama ionekanayo katika č, š na ž.

Wafuasi wa mafundisho ya Hus waliunda Umoja wa Ndugu mwaka 1457, na jumuiya hiyo ndogo ikawa karakana ya lugha. Jan Blahoslav, askofu wao, alitoa tafsiri ya Agano Jipya mwaka 1564 na kumaliza sarufi ya Kicheki mwaka 1571. Kati ya 1579 na 1594 ikapigwa chapa Biblia ya Kralice, iliyofasiriwa kutoka Kiebrania na Kigiriki. Miongoni mwa wafasiri wake alikuwamo Lukáš Helic, mtu wa asili ya Kiyahudi, ambaye elimu yake ya Kiebrania ilihitajiwa sana. Wala haikuwa mara ya kwanza Kicheki kukutana na Kiebrania. Karne kadhaa kabla, marabi wa Bohemia walifafanua maneno magumu ya vitabu vyao kwa Kicheki kilichoandikwa kwa hati ya Kiebrania, wakikiita "lugha ya Kanaani". Mtafiti wa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu hatastaajabu kusikia kwamba maelezo hayo yamekuwa ushahidi wa thamani juu ya Kicheki cha kale.

Baada ya vita vya mwaka 1620 Ndugu walitawanywa. Askofu wao Jan Amos Komenský, ajulikanaye pia kama Comenius, alifia uhamishoni mwaka 1670. Mabaki yao waliovuka mpaka na kujenga kijiji cha Herrnhut, Saxony, mwaka 1722, wengi wao walisema Kijerumani. Hapo ndipo jina lilipoachana na lugha. Mwaka 1891 Theodor Meyer na Theophil Richard walipopanda kutoka Ziwa Nyasa hadi Rungwe, walichukua kumbukumbu ya Hus bila maneno yake.

Nukta, hata hivyo, ilikuja kwa mlango mwingine. Karl Richard Lepsius, katika alfabeti aliyoitunga mwaka 1855 kwa ajili ya lugha zisizoandikwa, alitumia š na ž zile zile za Kicheki pamoja na alama nyingine nyingi, na wamisionari wa Kijerumani wakaifuata njia yake. Carl Meinhof aliporekebisha alfabeti hiyo na kutoa kitabu chake juu ya sauti za Kibantu mwaka 1899, lugha chache alizozichagua kuwa mifano zilikuwa pamoja na Kinyakyusa, alichokiita Kikonde, na Kisangu.

Uteuzi huo ulikuwa na maana. Mpaka wa irabu wapita ndani ya Nyanda hizi. Kihehe na Kibena, upande wa Iringa, vina irabu tano, na Kisangu pia. Kinyakyusa, Kimalila na Kivwanji vina saba, kwani vimehifadhi tofauti ya kale kati ya i mbili na u mbili. Kiswahili kiliipoteza tofauti hiyo katika irabu, lakini alama yake imebaki katika konsonanti: "lima" na "zima" (yaani kuzima moto) vyote vyatokana na mizizi iliyoanza na konsonanti moja, na z ilizaliwa pale ilipofuatwa na i ya kubana. Kwa hiyo msemaji wa Kinyakyusa anatamka kila siku jambo ambalo mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hulitafuta kwa taabu.

Lakini tangu 1927 Taasisi ya Kimataifa ya Afrika, London, ilipinga alama juu ya herufi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikisanifisha Kiswahili kwa irabu tano na herufi pacha "sh" na "ch". Kwa Kiswahili uamuzi huo haukudhuru kitu. Alama pekee iliyosalia ni ile ya "ng'ombe". Shule zilipofundisha tahajia hiyo, Kinyakyusa cha maandishi ya kila siku kikavaa vazi la jirani yake, na msomaji akalazimika kulijua neno kabla ya kulisoma.

Waslovaki waliijua hali ya namna hiyo. Walutheri wao walisali kwa Kicheki cha Biblia ya Kralice kwa karne kadhaa, wakikiheshimu kama lugha ya ibada, hata baada ya Ľudovít Štúr na wenzake kusanifisha Kislovaki mwaka 1843. Wandali nao wamesali kwa Kinyakyusa. Heshima ya lugha ya ibada si kosa, bali huchelewesha swali la lugha ya nyumbani iandikweje.

Katika karne hii wafasiri wa Biblia walioko Mbeya wamezirudisha irabu saba katika maandishi ya Kimalila na Kivwanji. Hawakutumia nukta wala kofia juu ya herufi: wamepitisha mstari katikati yake, ɨ na ʉ. Kibodi za kawaida za simu hazina herufi hizo, na vijana waandikianapo hurudi kwenye tano.