Maji ya Kisima Katika Mabanda ya Nje

Wanachama wengi wenye visima vyao hulaza mpira kutoka tangi la nyumba mpaka jiko la nje, banda la ng'ombe na dago la wachumaji. Kazi hii ni njema, kwani msimu ukifika, mikono inayochambua karafuu haina nafasi ya kubeba ndoo. Lakini twaomba mambo matatu yaangaliwe.

Kwanza, jukwaa la tangi. Maji ya lita 1,000 yana uzito wa tani 1, basi nguzo zilizoliwa na mchwa hazifai. Na tangi liwe juu kuliko bilula zote, maana maji hayapandi yenyewe.

Pili, kila njia iwe na koki yake karibu na tangi. Mpira wa bandani ukikatwa kwa jembe, ifungwe njia hiyo tu, nyumba isikose maji.

Tatu, na ndilo kubwa: mdomo wa mpira usizamishwe katika hori la ng'ombe wala pipa la kufulia. Tangi likikauka, na mtu akafungua bilula iliyo chini zaidi, maji machafu hufyonzwa yakarudi mpirani, yakaishia katika mtungi wa kunywa. Mdomo ufungwe shubiri moja juu ya ukingo, maji yaanguke hewani.

Kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 kilifika Unguja na Pemba. Tusiyafungulie mlango maradhi ya tumbo kwa mipira yetu wenyewe. Na maji ya kunywa, hata ya kisima kizuri, yachemshwe.