Uongozi Huanzia Jikoni: Somo Kutoka kwa Wanafunzi wa Kimaori

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mara nyingi, tukatiwa vema na mwalimu, kisha tukafunga daftari. Ni nadra sana kuulizana: je, mila zitamfaa vipi mtu aliyeko chuo kikuu, anayesomea udaktari au uhandisi? Wengi wetu hudhani kwamba mila ni mambo ya kijijini na ya tamasha za muziki, na kwamba ukishalivuka lango la chuo unaziacha nje kama kandambili. Nilipokuwa nikitafuta hoja za mdahalo wa chama chetu, nilikutana na habari za wanafunzi wa Kimaori wa New Zealand, nami nikaona si vyema niile asali hii peke yangu. Hebu tuionje pamoja.

Kwanza, Wamaori ni akina nani? Hawa ni wenyeji wa asili wa visiwa vya New Zealand, ambavyo wao huviita Aotearoa. Katika sensa ya mwaka 2023 walikuwa karibu watu 18 kati ya kila 100. Mwaka 1840 machifu wao wengi walitia saini Mkataba wa Waitangi na serikali ya Uingereza. Miaka iliyofuata walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yao, na lugha yao nayo ikaanza kufukuzwa shuleni. Sheria ya shule za wenyeji ya mwaka 1867 ilikitukuza Kiingereza, na watoto wengi waliothubutu kusema Kimaori shuleni walichapwa. Hapo sisi Wakenya hatuhitaji maelezo marefu. Muulize babu au nyanya, atakusimulia juu ya kile kibao alichovikwa shingoni mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Mwaka 1913, watoto wa Kimaori 90 kati ya kila 100 waliokuwa shuleni waliweza kuzungumza lugha yao. Kufikia mwaka 1975 hawakufika hata 5. Vizazi viwili au vitatu tu, na lugha imebaki kwa wazee!

Sasa mfikirie kijana wa ukoo kama huo anapofika chuo kikuu. Pengine ndiye wa kwanza kwao kufika huko. Anaingia katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, hamwoni anayefanana naye, na jina lake likiitwa linavunjwavunjwa mpaka analionea haya. Akianguka jaribio moja, wenzake husema, "Aa, nitasoma zaidi." Yeye husema, "Kumbe hapa si kwetu." Basi hufunga virago, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa mwenyeji. Nijuavyo mimi, hakuna darasa la ziada linaloweza kuutibu ugonjwa huo peke yake.

Si kwamba haiwezekani mtu kuwa msomi na kubaki Mmaori. Apirana Ngata, aliyezaliwa mwaka 1874, alipata shahada yake mwaka 1893, akawa Mmaori wa kwanza kuhitimu katika chuo kikuu cha New Zealand. Hakuitupa lugha yake. Aliingia bungeni mwaka 1905 akakaa humo hadi 1943, na kazi ya siasa haikumzuia kukusanya nyimbo za kale za watu wake wala kuhimiza shule ya uchongaji iliyoanzishwa Rotorua. Leo sura yake imo katika noti ya dola 50 ya nchi hiyo. Lakini je, kila kijana ni Ngata? La hasha. Jabali mmoja anaweza kupita penye miiba bila viatu. Wengine wanahitaji kufyekewa njia.

Njia hiyo ilifyekwa na wanafunzi wenyewe pamoja na wazee wao. Mwaka 1972 kundi la vijana liitwalo Ngā Tamatoa, lililotokana na wanafunzi wa Auckland, lilishiriki kupeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000 likitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1987 Kimaori kilifanywa kuwa lugha rasmi kwa sheria. Katikati ya miaka hiyo vyuo vikuu vilianza kujengewa marae.

Marae ni nini? Kwa ufupi ni uwanja mtakatifu wa jamii, pamoja na jumba la mikutano na ukumbi wa kulia chakula. Jumba lenyewe ni mwili wa babu wa ukoo. Mhimili wa paa ni uti wake wa mgongo, boriti za pande zote mbili ni mbavu zake, na mbao mbili zinazoteremka usoni pa nyumba ni mikono iliyokunjuliwa kumpokea mgeni. Ukiingia unavua viatu, kama tuvuavyo tukiingia msikitini. Chuo Kikuu cha Victoria, katika mji wa Wellington, kilifungua jumba lake mwaka 1986, na Auckland kikafuata mwaka 1988. Marae ya Wellington inaitwa Te Herenga Waka, yaani mahali pa kufungia mitumbwi. Jina hilo lina maana yake, nami nitalirudia hapo mbele.

Sasa tufikie kiini cha makala haya: uongozi unafunzwa vipi hapo? Wengi wetu tukisikia "mafunzo ya uongozi" tunawaza semina, mgeni wa heshima, na cheti cha kubandika ukutani. Kwenye marae mambo huanzia jikoni. Wageni wanapokuja, lazima kuwe na watu wa kumenya viazi, kutandika magodoro, kupakua chakula na kuosha sufuria. Mwanafunzi mpya huanzia hapo. Huku mikono imo majini, masikio yako uwanjani. Anasikia mwanamke akiwaita wageni kwa sauti ndefu wangali langoni. Anasikia hotuba za wenyeji na za wageni, na wimbo unaofuata kila hotuba. Anawaona watu wakigusanisha pua kwa salamu. Kadiri siku zinavyokwenda anapewa sehemu yake: leo aimbe, kesho aongoze wimbo, na atakapokomaa asimame aseme kwa niaba ya wenzake. Kwa Wamaori, kiongozi asiyeweza kumlisha mgeni wake hana la kujivunia hata akihutubu kama kasuku.

Jambo lingine ni kujitambulisha. Kijana hafundishwi kuanza kwa jina lake na alama zake za mtihani. Huanza kwa mlima wake, mto wake, mtumbwi uliowaleta mababu zake, kabila lake, na mwisho ndipo hujitaja mwenyewe. Mtu aliyesimama juu ya mlima na kando ya mto haoni haya kwamba jina lake ni gumu kutamka. Wanaokosea ndio watakaojifunza!

Halafu kuna utaratibu wa tuakana na teina. Tuakana ni ndugu mkubwa wa jinsia moja nawe. Teina ndiye mdogo. Chuo Kikuu cha Auckland kina mpango wenye jina hilo, ambao ulianzia katika biolojia kisha ukaenea katika masomo mengine. Mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo hukaa na kikundi cha wadogo zake, wakapitia kazi za maabara, insha na maswali ya mtihani. Mdogo hapati masomo tu, anampata mtu wa kumwuliza, "Ndugu, mwaka wa kwanza wewe ulifanyaje?" Na mkubwa naye hujifunza, maana huwezi kulieleza jambo usilolielewa. Kimaori kina neno moja, ako, ambalo maana yake ni kufundisha na vilevile kujifunza. Mwakani yule mdogo naye huwa mkubwa wa wengine. Hivyo ndivyo viongozi wanavyozaliana.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa, kwa sababu hata katika mdahalo wetu zilitolewa kwa kelele. Ya kwanza ni kwamba huu ni upendeleo. Ni kweli kwamba kitivo cha udaktari cha Auckland kimekuwa na mpango wa kuwapokea wanafunzi wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki tangu mwaka 1972, na huko kwao mjadala juu yake haujakoma. Lakini nani atampa daktari shahada kwa sababu ya kabila? Wakishaingia, mtihani ni ule ule. Kumwashia mtu taa si kumbeba mgongoni.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi kwetu: je, si ukabila huu? Nchi iliyopitia machungu ya 2007 na 2008 ina haki ya kuuliza. Jibu limo katika lile jina, mahali pa kufungia mitumbwi. Marae ya chuo si ya kabila moja. Wanafunzi hutoka makabila mbalimbali, kila mmoja na mtumbwi wake wa kale, na wote hufunga gati moja. Tena kazi kubwa ya marae ni kumpokea mgeni, awe Mmaori au asiwe. Ukabila humfungia mgeni mlango. Utamaduni humtandikia kitanda. Tofauti ni hiyo, wala si ndogo.

Wasomaji wenzangu, baadhi yetu tutaelekea vyuo vikuu mbali na nyumbani, na kuna watakaokuwa wa kwanza katika koo zao. Tusingoje kufika huko ndipo tuanze. Napendekeza chama chetu kifanye mambo mawili. Kila mwanafunzi mpya apewe kaka au dada wa kumwongoza masomoni, si wa kumtuma maji ya kuoga. Na siku ya kuwakaribisha, sisi wakubwa tupike na kupakua, nao wasimame mmoja mmoja waseme kwa Kiswahili: "Mlima wangu ni Elgon, mto wangu ni Nzoia," au "Mlima wangu ni Kilimambogo, mto wangu ni Athi." Anayetoka pwani ataje bahari yake. Walezi wa chama wakikubali, wanaohitimu nao watuachie anwani za vyuo wanakokwenda, ili anayefuata amkute mwenyeji langoni.

Mkono mmoja haulei mwana, na hata mwana wa chuo kikuu bado ni mwana.