Kadi ya Idi kwa Mpango wa Leso

Msanifu wa Malindi au Kilifi atakaye kadi ya Idi ionekane kazi ya mkono hana haja ya kuazima mapambo ya mbali. Leso imekwisha kumpa mpango: pindo, mji na jina. Pindo huchorwa kwa wino karatasini, likaskaniwa, kisha programu ya Inkscape, itolewayo bure tangu 2003, huligeuza kuwa mistari ikuzwayo bila kufifia. Kosa la wengi ni kunakili ua moja pande zote nne. Jicho hulibaini papo hapo. Heri kuchora matatu yaliyotofautiana kidogo.

Jina ndilo gumu. Programu nyingi za kadi huja na salamu za Kiingereza, ilhali leso huchaguliwa kwa maneno yake, yaandikwayo kwa herufi kubwa chini ya mji.