Uwanja wa Nyasi Huandaliwa Kiangazi: Kazi ya Kasulu na Kibondo Kabla ya Mvua

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, watunzaji wa viwanja vya gofu huujua mwanzo wa mwaka wao wa kazi kwa kipimajoto, kwa kuwa nyasi za jamii ya ukoka, ambazo hulala na kukauka rangi wakati wa baridi, huanza kuamka udongo unapofikia nyuzi joto 18 hivi za Selsiasi, na hapo ndipo kazi ya kutoboa ardhi, kumwaga mchanga, kutia mbolea na kukata hufuatana kwa mpangilio. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, zilizoko kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, sehemu kubwa ikiwa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto la kiasi hicho halikosekani kwa muda mrefu. Kinachokosekana, tangu Mei au Juni hadi Oktoba, ni maji. Majira ya kuchipua ya huko, kwa hiyo, huletwa na mvua za mwisho wa Oktoba na za Novemba, na uwanja unaotarajiwa kuyafaidi hauna budi kuandaliwa wakati vumbi bado linatimka, kwani anayengoja mvua inyeshe ndipo atafute uma na mchanga huwa amekwisha kuchelewa.

Gofu nchini Tanzania ni mchezo wa miji michache, kama Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro. Katika Kasulu na Kibondo mchezo unaotegemea nyasi ni kandanda, unaochezwa kwenye viwanja vya shule, vya misheni na vya miji midogo, na ndio unaostahili kupewa elimu ambayo watunzaji wa gofu wameikusanya kwa zaidi ya karne moja. Elimu hiyo inahamishika kwa urahisi, kwa sababu mmea ni uleule. Aina ya nyasi iitwayo Tifway, iliyotolewa mwaka 1960 katika kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, na ambayo imeenea kwenye viwanja vya gofu na vya mpira vya nchi nyingi zenye joto, ilizaliwa kwa kukutanisha ukoka wa kawaida na ndugu yake mwenye majani membamba kutoka Afrika Kusini. Nyasi nyingine inayotambaa, ile iliyopewa jina la Wakikuyu, ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo imefunika njia za gofu hata pwani ya California. Ukoka ambao mkulima wa Heru Juu, huko Kasulu, huung'oa kwenye maharage na kuulundika pembeni ukaukie juani ni mmea ambao watu wengine huununua kwa fedha nyingi, na kudharauliwa kwake nyumbani ni hasara ya bure.

Nguvu ya mmea huo huonekana vizuri mtu akiling'oa shungi moja nyuma ya goli mwezi Septemba. Majani ya juu ni makavu na huvunjika vidoleni, lakini chini yake kuna mashina yanayotambaa juu ya ardhi, yenye vifundo kila baada ya sentimita chache, na kwenye kila kifundo mna kichipukizi kidogo chenye ncha kali kilichofungwa ndani ya ganda. Chini zaidi, udongo ukipukutishwa, huonekana mashina mengine meupe, magumu na yenye magamba, ambayo hutambaa ardhini na kuhifadhi wanga. Akiba hiyo ndiyo inayouwezesha ukoka kukaa miezi minne au mitano bila mvua na kuchipua upya siku chache baada ya maji kuingia. Kazi yote ya maandalizi ina shabaha moja, nayo ni kuilinda akiba hiyo mpaka mvua ifike, kisha kuipa mahali pa kupenyeza mizizi.

Yanayoimaliza akiba hiyo yanajulikana na kila mwenyeji. Moto wa kiangazi, unaowashwa kusafisha majani makavu au unaotoroka mashambani, hula mashina ya juu na kuuacha udongo wazi. Mbuzi na ng'ombe huutafuna ukoka hadi kwenye vifundo, tena kwa pupa zaidi katika wiki ya kwanza ya mvua, pale majani mabichi yanapotoka kwa kutumia akiba ya mwisho iliyomo shinani. Majani hayo yakiliwa mara mbili au tatu mfululizo, mmea hauna tena cha kuchipulia. Mchwa hukata majani makavu na kuyabeba ardhini, hasa palipo na takataka nyingi za majani yaliyolala. Madhara makubwa kuliko yote, hata hivyo, hutokana na mgandamizo, yaani hali ya chembe za udongo kubanwa na miguu, baiskeli na magari ya mikutano ya hadhara hadi nafasi za hewa na maji zilizokuwa kati yake zikafungika. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi, ulioenea katika wilaya hizi, hugandamana kwa urahisi ukiwa na unyevu na kuwa mgumu kama tofali ukikauka. Ndiyo maana eneo lililo mbele ya goli, anaposimama mlinda mlango, hubaki kipara mwaka baada ya mwaka hata mvua ikiwa nyingi: maji hupita juu, mizizi haina pa kuingia.

Kazi ya Septemba na Oktoba huanza na maji ambayo bado hayajafika. Viwanja vingi vya nyanda hizi vimechongwa kwenye miteremko, na mvua kubwa ya kwanza hushuka kutoka upande wa juu ikiwa na mchanga na tope; kwa sababu hiyo mfereji wa kinga, unaochimbwa kuuzunguka upande wa mlimani na kuyaelekeza maji mbali, unatangulia shughuli nyingine zote. Uwanja wenyewe unapaswa kuwa na mgongo mdogo usioonekana kwa macho: mteremko wa asilimia moja kutoka mstari wa katikati ya uwanja hadi kandokando, katika uwanja wenye upana wa mita 68, ni tofauti ya kimo cha sentimita 34 tu, na hiyo yatosha kuondoa madimbwi. Mashimo yaliyochimbwa na kwato hufukiwa kwa udongo uleule wa uwanja, si kwa kifusi cha ujenzi, maana mawe na vipande vya tofali huwaumiza wachezaji na kuzuia mizizi.

Hufuata kutoboa. Viwanja vya gofu vina mashine zenye meno ya chuma zinazotembea na kuchoma matundu maelfu kwa saa, lakini uma wa shamba wenye meno manne hufanya kazi hiyohiyo polepole. Meno huzamishwa sentimita kumi au zaidi, mpini ukavutwa nyuma kidogo hadi ardhi inyanyuke bila kupinduka, kisha mtoboaji akarudi nyuma hatua moja fupi na kurudia. Udongo mkavu kabisa haupenyeki, kwa hiyo sehemu zilizoumia, yaani mbele ya magoli, katikati na kwenye njia za washika vibendera, hulowekwa maji jioni na kutobolewa asubuhi. Hakuna haja ya kuutoboa uwanja mzima mwaka wa kwanza. Sehemu hizo chache zikifanywa kwa uangalifu, tofauti huonekana kabla ya Krismasi.

Juu ya matundu humwagwa mchanga wa mtoni uliochekechwa, ukichanganywa na samadi iliyooza vizuri, na kusambazwa kwa reki hadi ncha za majani zibaki zikionekana. Kiasi chake huwashtua wengi: tabaka la milimita tatu tu, kwenye uwanja wa mita 105 kwa 68, lahitaji zaidi ya mita 21 za ujazo, yaani malori matano hivi ya tani saba. Halmashauri au shule isiyo na uwezo huo ifanye maeneo yaliyochakaa peke yake, ambako lori moja lililomwaga mzigo nje ya mistari, na matoroli kadhaa, vinatosha.

Udongo wa maeneo yenye mvua nyingi kama haya mara nyingi huwa na tindikali, kwa kuwa maji ya miaka mingi yameosha kalisi na virutubisho vingine, na katika hali hiyo fosforasi, ambayo ndiyo inayojenga mizizi michanga, hushikwa na chuma na alumini isipatikane kwa mmea. Tanzania imejaliwa dawa yake: fosfeti ya Minjingu, jiwe linalochimbwa mkoani Manyara na kusagwa, huyeyuka vizuri hasa kwenye udongo wenye tindikali, tena lina kalisi ndani yake. Kuitia pamoja na samadi wakati wa kutoboa, kabla ya mvua, huifikisha kwenye mizizi bila gharama ya pili.

Mvua zikishashika, yaani udongo ukiwa na unyevu hadi kina cha kiganja na si baada ya manyunyu ya siku moja, hupandwa vipande vya ukoka katika sehemu zilizo wazi. Kipande chenye vifundo vitatu hufukiwa, ncha moja ikiachwa nje, na kukanyagwa ili kishikane na udongo. Nafasi ikiwa sentimita 30 kila upande, mita kumi za mraba huhitaji vipande 111 hivi, kazi ya darasa moja kwa kipindi kimoja. Nitrojeni, kirutubisho cha majani, hutiwa pale tu majani mapya yanapoonekana wazi. Gramu tano kwa mita ya mraba, kiwango cha kawaida kwa nyasi za michezo, ni sawa na kilo 78 za yurea kwa uwanja mzima, na ni busara kuzigawa mara mbili kwa mwezi mmoja na nusu, kwani yurea nyingi kwa mpigo huunguza majani au kuishia mfereji wa barabarani.

Kisha uwanja hufungwa. Wiki sita au nane bila mpira wala mifugo huonekana adhabu kubwa kwa vijana, lakini kalenda ya wenyeji inaunga mkono jambo hili: Novemba na Desemba ni miezi ya jembe, watu wako kwenye mahindi na maharage, na shule hufungwa katikati yake. Kipindi hicho chataka jicho makini kila asubuhi, kwa ajili ya viwavijeshi. Wadudu hawa hula nyasi na nafaka, hupenda sana ukoka mchanga, na huweza kulimaliza eneo kubwa kwa siku chache. Kuwaona wakiwa bado wadogo na wa kijani, na kutoa taarifa kwa afisa kilimo wa kata, huokoa uwanja na mahindi ya jirani pia.

Kukata huanza nyasi zikifika sentimita tano au sita, na kanuni isiyovunjwa ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Maeneo ya gofu yenye mashimo hukatwa hadi milimita tatu au nne, lakini hayo yana maji ya bomba na watunzaji wa kila siku. Uwanja wa mpira wa Kibondo ubaki na sentimita tatu hadi nne, maana jani refu kidogo hulisha mzizi mrefu, na mzizi mrefu ndio utakaouvusha ukoka katika ukavu mfupi unaojitokeza mara nyingi Januari au Februari na katika kiangazi chenyewe. Fyekeo lenye makali, mikononi mwa wanafunzi waliopangwa mstari, linatosha.

Michezo ya UMITASHUMTA, ya shule za msingi, na ya UMISSETA, ya shule za sekondari, hufanyika kwa kawaida katikati ya mwaka, wakati mvua zimeshakatika, na nyasi zitakazochezewa ni zile zilizojengwa kati ya Novemba na Aprili. Wakuu wa shule na kamati za viwanja za Kasulu na Kibondo wanaombwa, basi, waagize mchanga, samadi na uma mwezi Septemba, wauweke mchanga kando ya uwanja, na wasiruhusu lori lolote kukanyaga ndani ya mistari mara mvua ya kwanza itakapolowesha ardhi.