Kusomea Uchumi Ng'ambo: Piga Hesabu Kabla ya Kuuza Shamba

Mwai Kibaki wa Othaya alihitimu uchumi Makerere mwaka 1955, kisha akaenda London School of Economics kwa ufadhili. Leo familia nyingi za Nyeri, Karatina na Mukurwe-ini hujilipia wenyewe. Kabla ya kuuza shamba au kuchukua mkopo wa Sacco, wakazi wanahimizwa kuzingatia haya:

Kwanza, ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iwapo chuo kinatambulika. Tume hiyo ndiyo hutambua shahada za kigeni nchini.

Pili, hesabuni karo ya miaka yote, si mwaka wa kwanza pekee. Shahada ya uchumi Uingereza kwa kawaida huchukua miaka 3, na mwanafunzi wa kigeni hulipa zaidi ya mwenyeji.

Tatu, msitegemee kibarua. Huko Uingereza, mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Mshahara huo husaidia chakula na nauli, haulipi karo.

Mwisho, lipeni karo moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, si kwa simu ya wakala. Shamba likishauzwa, halirudi.