Kwa Nini Paja la Mtoto Huvimba Baada ya Chanjo?



Katika kliniki ya watoto hapa Rangwi huwa tunaulizwa: "Nesi, mbona paja limevimba na mtoto amechemka usiku kucha? Sindano ilikuwa mbaya?" Wapo akina mama ambao kwa sababu hiyo hawarudi wiki ya 10. (Akina baba nanyi msome, maana mara nyingine ninyi ndio mnaowakataza.)

Tuchukue mfano wa akaunti ya parokia. Hundi yenye saini moja, hata iwe ya Paroko mwenyewe, benki haitoi shilingi. Lazima na mweka hazina atie saini. Mwili nao hufanya hivyo. Katika damu kuna chembe nyeupe ziitwazo chembe T, askari wetu. Chembe mlinzi humwonyesha askari huyo kipande cha kijidudu: hiyo ni saini ya kwanza. Lakini askari hatoki mpaka mlinzi amnyooshee mkono uitwao B7, ushikane na mkono wa askari uitwao CD28. Bila saini hiyo ya pili, askari hulala. Mungu aliupanga mwili hivyo ili askari wasitushambulie sisi wenyewe.

Mlinzi hanyooshi mkono mpaka ahisi hatari. Chanjo ya Penta, inayotolewa nchini tangu mwaka 2009 katika wiki ya 6, 10 na 14, ina vijidudu vilivyouawa na sumu zilizozimwa nguvu, kwa ajili ya kukinga kifaduro, dondakoo, pepopunda na mengine. Ili walinzi wazinduke vizuri, huwekwa pia chumvi kidogo ya alumini. Nyama ya paja huwaka kidogo, walinzi hukusanyika, saini ya pili hupatikana. Uvimbe ni alama ya kazi hiyo. Asiyevimba naye hujenga kinga.

Siku hizi magulioni kuna wanaouza "dawa ya kuongeza kinga". Tuwe waangalifu. Mwezi Machi 2006, huko London, vijana sita wenye afya walidungwa dawa ya majaribio iliyoshika CD28 moja kwa moja, bila kungoja saini ya kwanza. Katika saa chache wote walikuwa mahututi. Hakuna aliyekufa, lakini mmoja alipoteza vidole. Kinga si uji, kwamba ukiongeza ndiyo afadhali.

Basi, mtoto akichemka baada ya sindano, mpunguzieni nguo, mnyonyesheni mara kwa mara, na mpeni parasetamo kwa kipimo mlichoelekezwa kliniki. Msikande paja wala kubandika majani. Kadi ionyeshe tarehe ya kurudi, nanyi mrudi. Ila akipata degedege, akilia mfululizo saa tatu, au akikataa kunyonya, msingoje tarehe. Mleteni hata usiku.